Bili ya umeme haikai kwenye otoklevu

*"Mimi ni muuguzi msimamizi katika hospitali ndogo ya misheni wilayani Kisoro. Bili ya umeme imetulemea, na umeme ukikatika jenereta inakunywa dizeli kupita kiasi. Bodi inataka nieleze tutapunguzaje. Mhasibu anasema otoklevu, ile mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke, ipikwe dakika 15 badala ya 30, kwa kuwa amesoma kwamba dakika 15 kwa nyuzi 121 zinatosha. Otoklevu yetu ni ya zamani, ina geji ya presha tu, nasi huipeleka hadi paundi 15. Halafu wodi ya wanaume, yenye vitanda kumi, usiku ni baridi sana. Tunawasha hita tatu za kilowati 2 tangu jioni, na bodi inataka tuzibe matundu ya juu ya ukuta na kufunga madirisha ili joto lisitoke. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kampala ametuambia akitufungia taa za urujuanimno (UV), hewa itakuwa safi hata kama tumejifungia. Sitaki nionekane mpinga maendeleo, lakini moyo wangu umekataa. Nijibu nini?"*

Sista, moyo wako umekataa kwa haki. Bodi nayo ina haki ya kuuliza, maana hospitali isiyolipa umeme itafunga milango, na wagonjwa watapanda bodaboda kwenda mbali zaidi. Shida ni kwamba mmeelekezwa kukata mahali ambapo pesa haipo. Nitaanza na otoklevu kwa sababu hapo ndipo penye hatari mliyokuwa nayo hata kabla mhasibu hajafungua mdomo.

Kinachoua vijidudu ndani ya otoklevu ni joto la mvuke. Presha ni njia tu ya kulipata joto hilo. Mvuke ukibanwa hupanda joto, na mtu akijua presha kamili iliyomo anajua joto lililomo. Lakini geji kama yenu haisomi presha kamili. Inasoma tofauti kati ya presha ya ndani na ile ya hewa ya nje. Waliosema paundi 15 ni sawa na nyuzi 121 walikuwa wanazungumzia usawa wa bahari, Mombasa au Dar es Salaam. Kisoro iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Wapishi wenu wanalijua hili bila geji: maji yanachemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, na maharage yanakesha jikoni. Kwa sababu hiyohiyo, geji ikionyesha paundi 15 huko kwenu, ndani kuna nyuzi 117 hivi, tena kama hewa yote imetoka.

Nyuzi nne zinaonekana kidogo. Kwa spora za bakteria, zile zenye ganda gumu kama za pepopunda, si kidogo hata kidogo. Kanuni inayotumika katika utakasaji ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, muda unaohitajika kuua spora zilezile huongezeka mara kumi. Likishuka nyuzi 4, muda unaongezeka mara mbili na nusu. Kwa hiyo dakika 30 zenu za sasa zinafanya kazi ya dakika 12 hivi za nyuzi 121. Mkikata zikawa 15, mtabaki na kazi ya dakika 6. Hapo mhasibu atakuwa amekata muda ambao tayari ulikuwa umekatwa na mlima.

Mhasibu mwenyewe simlaumu. Alichosoma ni kweli, ila dakika 15 za kitabu huhesabiwa tangu pale kila kilichomo kimefika nyuzi 121, mvuke safi ukiwa umekigusa chombo chenyewe. Vyombo vya upasuaji mnavifunga kwa kitambaa, mvuke unachukua muda kupenya, na ndiyo maana kwa furushi lililofungwa mwongozo wa kawaida ni dakika 30 kwa nyuzi 121. Na saa ianze kuhesabiwa mshale ukishafika pake. Kuhesabu tangu swichi ilipowashwa ni kujidanganya.

Kuna adui mwingine anayefichwa na geji: hewa. Hewa iliyobaki ndani inasukuma mshale wa presha sawasawa na mvuke, lakini haina joto la mvuke. Hata kule usawa wa bahari, otoklevu iliyobakiza nusu ya hewa yake inaonyesha paundi 15 huku joto likiwa nyuzi 112 tu. Simama kando yake siku moja uangalie vali ya kutolea hewa. Mwanzoni inakohoa: pumzi, matone, kimya, pumzi tena. Hiyo ni hewa ikitoka ikiwa imechanganyika na maji. Baadaye kikohozi kinakwisha na unatoka mvuke mfululizo, mweupe, kwa mlio mmoja. Uacheni utoke hivyo dakika kama kumi ndipo mfunge vali. Nimeona mahali vali inafungwa kwenye kikohozi cha kwanza kwa sababu mvuke unalowesha ukuta na unaharibu rangi! Pangeni mafurushi kwa ubavu, yasilaliane kama mashuka kabatini. Acheni nafasi ya mkono kati yake na ukuta wa pipa, na kama mnatumia yale makopo yenye vitundu, hakikisheni vitundu viko wazi wakati wa kupika. Furushi likitoka limelowa, lihesabuni kuwa chafu, maana unyevunyevu unavuta vijidudu kutoka mikononi na mezani kupitia kitambaa.

Sasa pesa. Tuseme otoklevu yenu inatia lita 10 za maji. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 15 hadi 121 kunakula uniti moja na robo hivi, na chuma cha pipa nacho kinataka sehemu yake. Kikishapata moto, kukishikilia hapo kwa robo saa zaidi kunataka umeme wa kufidia joto linalovuja tu, ambao kwa pipa la kiasi hicho haufiki nusu uniti. Gharama yote iko kwenye kuwasha. Kwa hiyo, kama siku hizi mnapika mara tatu pipa likiwa na vifurushi viwili viwili, pikeni mara moja likiwa limejaa robo tatu. Hapo mtaokoa zaidi ya maradufu ya anachokitafuta mhasibu, na hakuna spora itakayonusurika kwa ajili hiyo. Itabidi muwe na seti za kutosha za vyombo, hasa vya kuzalishia, ili asiwepo mtu wa kukimbilia kupika koleo moja saa nane usiku. Seti mbili za ziada zinaweza kuwa matumizi bora kuliko kitu chochote anachouza yule bwana wa Kampala.

Na kwa leo, kabla fundi hajafika? Msiongeze uzito wala kukaza vali ya usalama ili geji ipande. Ni kweli kwamba kwenu nyuzi 121 zinapatikana geji ikiwa kwenye paundi 18 hivi, lakini pipa la zamani ambalo hakuna anayejua lilipimwa lini haliongezwi presha kwa kukisia. Ongezeni muda badala yake: kwa hesabu niliyotoa, dakika 30 za nyuzi 121 ni kama dakika 75 za nyuzi 117. Ndiyo, bili itapanda kidogo hapo, na uiambie bodi hivyo bila kuficha. Pia wekeni karatasi ya kipimo cha kemikali katikati ya furushi lililo gumu kupenya kuliko yote. Ile tepu yenye mistari inayogeuka rangi nje ya furushi inakuambia tu kwamba furushi limepita kwenye joto. Haijui yaliyotokea ndani. Kama nimekosea kuhusu mashine yenu, yaani kama ina kipima joto kinachoiongoza na geji ni ya kutazama tu, basi habari ya mlima haiwahusu, ingawa ya hewa bado inawahusu.

Twende wodini, maana huko ndiko bili inakolala.

Hita tatu za kilowati 2, zikiwaka saa kumi kwa usiku, ni uniti 60. Kila usiku. Linganisha na ile nusu uniti iliyokuwa inatafutwa kwenye otoklevu. Bodi imeona hilo kwa namna yake, ndiyo maana inataka kuziba matundu: joto linalipiwa, halafu linatoka nje. Kosa lao ni kudhani kwamba kinachopaswa kuondoka ni tundu.

Wodi ya wanaume wazima nchini mwetu haikosi mtu anayekohoa ambaye bado hajapimwa makohozi. Aliyekwisha kujulikana ana TB na akaanza dawa zinazomfaa, uambukizi wake hushuka haraka. Wa kuogopwa ni yule aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, anakohoa, na hakuna anayewaza kifua. Chembe anazozitoa ni ndogo kiasi kwamba hazianguki sakafuni. Zinaelea kwa saa kadhaa, na kila anayelala humo anazivuta. Barakoa, sabuni na kudeki haviziondoi hewani. Zinaondoka hewa ikiondoka.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa upitishaji hewa wa asili mwaka 2009 lilipendekeza lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi ya kawaida, na 160 katika chumba cha wenye magonjwa yanayosambaa kwa hewa. Tuliweke hilo kwenye wodi yenu. Tuseme ni mita 10 kwa 6, dari mita 3, wagonjwa kumi. Lita 600 kwa sekunde maana yake hewa yote ya wodi inabadilika mara 12 kwa saa. Inatisha kuisikia, lakini upepo mwepesi wa mita moja kwa sekunde, ambao hauyumbishi hata pazia zito, ukiingia kwenye uwazi wa mita moja ya mraba upande mmoja na kutokea kwenye uwazi kama huo upande wa pili, unaleta mara 13 hivi. Bila mashine, bila shilingi. Sharti ni kwamba uwazi uwe pande mbili zinazotazamana. Madirisha ya upande mmoja peke yake yanazungusha tu hewa ya karibu nayo. Na kwa kuwa usiku upepo hulala, matundu ya juu yanahitajika zaidi usiku kuliko mchana, kwani hewa iliyopashwa na miili inapanda na kutokea huko. Bodi inataka kuziba sehemu pekee inayofanya kazi watu wakiwa wamelala.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa katika hospitali za Lima nchini Peru, ulipima jambo hili. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa wastani, zaidi ya maradufu ya mara 12 zinazotakiwa kwa vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mashine. Majengo ya kale yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda majengo mapya. Wamisionari waliojenga wodi nyingi za kusini magharibi mwa Uganda walijenga hivyohivyo, na inaniuma kila nikiona dari mpya ya plastiki imeshushwa chini ya matundu yao ili wodi ipendeze kwenye picha za wafadhili.

Kwa hiyo ondoeni hita. Kuipandisha hewa hiyo yote nyuzi 10 kunataka takriban kilowati 6 mfululizo, yaani hita zenu zote tatu bila kupumzika, kabla hujahesabu joto linalonyonywa na kuta na bati. Ni kuupasha moto mlima Muhabura. Mpasheni mgonjwa: mablanketi mawili badala ya moja, godoro lisilobonyea hadi kwenye vyuma, kofia na soksi, uji wa moto kabla ya kulala. Sogezeni vitanda visiwe moja kwa moja chini ya dirisha, na mwambieni seremala atengeneze ubao wa kuinamisha kwenye sehemu ya chini ya dirisha ili upepo uelekee juu, usimpige mtu usoni. Jumlisheni bei ya mablanketi ishirini, kisha muigawanye kwa thamani ya uniti 60. Utajua mwenyewe itachukua usiku ngapi kujilipa.

Hita zenyewe msiziuze. Chumba cha kuzalia kinatakiwa kiwe na nyuzi 25 au zaidi, na huko Kisoro hakifiki hapo chenyewe. Mtoto mchanga hatetemeki kama sisi. Anapoa kimyakimya, sukari inashuka, anaacha kunyonya. Hita moja iwe hapo wakati wa kuzaa, moja kwa wagonjwa wanaotoka upasuaji, na watoto njiti walazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, jambo ambalo hata umeme ukikatika linaendelea.

Kuna jambo moja litakalofuata mkiondoa hita, na lisipozuiwa mapema litaua. Walezi wa wagonjwa wataleta sigiri. Watapika nje, kisha saa tatu usiku wataingiza makaa yaliyobaki chini ya kitanda, na kwa kuwa makaa hayo hayana moshi kila mtu ataona ni salama. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anasinzia, kichwa kinauma kidogo, haamki. Wodi iliyozibwa matundu ikiwa na sigiri mbili ni hatari kuliko TB yenyewe. Wajengeeni walezi banda lenye paa la kupikia na kuota moto, muwaeleze sababu kwa Kifumbira na Kiswahili, na muuguzi wa zamu achungulie chini ya vitanda.

Taa za urujuanimno si ulaghai. Zikifungwa juu, zaidi ya mita mbili na kidogo kutoka sakafuni, zimeelekezwa mbali na macho ya watu, na hewa ikizungushwa ili ipite kwenye mwanga, zinaua vimelea vya TB kweli. Lakini zinataka mtu wa kuzipima na kuzifuta vumbi, na zikiwaka mfululizo mwanga wake hufifia baada ya mwaka mmoja hivi hata kama jicho linaziona bado za buluu. Zikimulika chini zinaunguza macho na ngozi. Anayesema zinachukua nafasi ya madirisha anauza taa. Muulizeni atarudi lini na kipimo cha mwanga, kisha mnyamaze mumsikilize.

Kwenye dizeli nitapita haraka. Jenereta kubwa inayowashwa ili kubeba balbu na friji ya chanjo inakula mafuta mengi kwa kazi ndogo na kujijaza masizi. Gawanyeni nyaya: taa, friji na mashine za oksijeni ziende kwenye sola na betri, otoklevu na chumba cha upasuaji vibaki kwenye umeme wa mstari na jenereta, na ratiba ya otoklevu ifuate saa ambazo umeme haukatiki. Msikubali fundi wa sola awaambie paneli mbili zitabeba oksijeni. Mashine moja ya lita 5 kwa dakika inakula wati 350 hivi, na ikikesha mchana na usiku ni zaidi ya uniti 8. Mtungi uliojaa uwepo ukutani daima, umefungwa mnyororo. Friji ya chanjo haizimwi usiku hata siku moja kwa ajili ya bili. Nyuzi 2 hadi 8, basi. Wala msipunguze saa za pampu ya maji. Katika mlipuko wa Ebola ulioanzia Mubende mwaka 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 walikufa, nanyi mko mpakani na Kongo. Ugonjwa huo unapita kwenye majimaji ya mwili, kwa hiyo bomba lisilo na maji kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa ni hasara isiyoonekana kwenye mita.

Kabla ya kikao, mwambie mlinzi asome mita saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi kwa wiki moja, siku tatu hita zikiwaka na siku nne zikiwa zimezimwa, mablanketi yakiwa tayari. Karatasi hiyo itazungumza na bodi vizuri kuliko mimi.

Yapo ambayo hayamaliziki kwa maandishi. Ombeni fundi wa vifaa tiba kutoka karakana ya mkoa, Kabale, aje na kipima joto cha kuingiza ndani ya otoklevu, aikague vali ya usalama na mpira wa mlango, na awaambie kama pipa linaweza kubeba paundi 18. Mkiweza kupata kipimo cha spora, kifanyeni siku hiyohiyo. Pitieni pia daftari la upasuaji la miezi ya karibuni: vidonda vilivyotunga usaha vikiwa vingi kuliko kawaida, mwite daktari wenu na msimamizi wa kinga ya maambukizi wa wilaya mara moja, msisubiri fundi. Na kama vali ya usalama inavuja, imefungwa waya, au hakuna aliyewahi kuiona ikifunguka, zimeni otoklevu leo na mpeleke vyombo vikapikwe hospitali jirani mpaka itengenezwe.